Mjomba hana duka, ila bei zake hazimwachi na hasara: somo kutoka kwa fundi wa mitambo wa kujitegemea

Leo somo ni refu kidogo, tafuta sehemu ukae.

Wengi humu mnauza nguo, viatu, vipodozi, vyombo. Mimi nauza filta, sili, oringi na mipira ya haidroliki ya mitambo mikubwa: ekskaveta (wengine mnaita kijiko), greda, buldoza, loda. Duka langu ni chumba kimoja tu huku Kizota, Dodoma, na zaidi ya nusu ya oda zangu zinaingia kwa WhatsApp. Mafundi wananiita "dada wa sili". Mara ya kwanza nilikasirika, sasa hivi nimeliweka kwenye profaili.

Sijasomea biashara. Nilimaliza kidato cha nne 2016, matokeo yakaja ya kawaida sana, mama akanituma Dodoma kwa kaka yake. Mjomba ni fundi wa mitambo mikubwa. Zamani alikuwa ameajiriwa kwenye karakana, akaacha, akawa anajitegemea. Hana gereji, hana bango, hana ofisi. Ana boksi la spana, pikipiki, kijana mmoja wa kumsaidia na simu. Mimi niliingia kama mtu wa tatu: naosha vifaa kwa dizeli, nashika tochi, na kuandika, maana mwandiko wa mjomba anausoma mwenyewe tu.

Kwa nini nawaletea habari za fundi kwenye ukurasa wa wauzaji wa mtandaoni? Kwa sababu ukimtazama vizuri, yule ni mwenzetu kabisa. Mteja anampata kwa simu, hajawahi kumwona, hajui kama ni tapeli. Na yeye hamjui mteja. Kati yao kuna kilomita themanini na pesa ambayo haijatoka. Hayo si ndiyo maisha yetu? Mengi ninayoyafanya leo dukani nimeyaiba kwake, na kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya siku nilipoacha kufanya kama yeye. Hilo nitalisimulia chini, sitalificha.

Kwanza muielewe Dodoma. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali yote inahamia huku. Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa kuwa jiji. Tangu hapo ardhi haijapumzika. Mji wa Serikali Mtumba, reli ya SGR iliyokuja kutoka Morogoro kuelekea Makutupora, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Kila kazi ya hivyo ni mitambo. Kampuni kubwa zinakuja na mafundi wao. Lakini nyuma yao kuna watu wenye ekskaveta moja, greda mbili, roli tatu, wanaokodisha kwa saa au kwa siku. Mtambo wake kanunua ukiwa umeshatumika, waranti iliisha zamani huko ulikotoka. Huyo ukimharibikia Bahi au Kongwa, anampigia mtu kama mjomba. Na akisimama, kila saa inayopita anahesabu hela inayokimbia. Ndiyo maana akipiga simu sauti inakuwa juu.

Sasa angalieni mjomba anavyopokea simu.

Mteja: "Fundi, mashine imekufa, njoo haraka, shilingi ngapi?"

Mimi ningesema bei. Wewe pia ungesema bei. Mjomba hasemi. Anasalimia kwanza kama vile hakuna kilichotokea, "Mbukwenyi, habari za huko," mpaka sauti ya mwenzake ishuke. Halafu anauliza. Mtambo gani, na namba ya kwenye kibati ni ipi, nipigie picha. Mita inasoma saa ngapi. Umeanza kufa lini, ghafla au taratibu. Mara ya mwisho nani aliufungua na alibadilisha nini. Oili ya haidroliki iko kwenye kipimo? Kama bumu linashuka lenyewe, mwambie opareta alinyanyue mahali salama, watu wakae mbali, azime injini, mnirekodie video dakika moja.

Kuna siku video ile ilimaliza kazi. Alitazama, akamwambia opareta aangalie kitu fulani kwenye waya wa betri, mtambo ukawaka. Hakwenda. Nikamuuliza, mjomba si umekosa hela ya safari? Akasema yule atanipigia tena. Na kweli, yule bwana amekuwa mteja hadi leo, na ndugu zake wawili kawaleta.

Baada ya maswali ndipo anataja hela, na anaigawa. Kuja ni bei yake. Kufungua na kupima ni bei yake. Kutengeneza hataji mpaka aone, maana bumu kushuka linaweza kuwa sili za silinda, linaweza kuwa valvu, na hizo ni hela tofauti kabisa. Nauli na kupima vinatumwa kwenye simu kabla pikipiki haijawashwa. Hela isipoingia, hatoki. Siyo kiburi. Anajua mteja akishatoa elfu hamsini, atakuwa saitini mtambo upo, dizeli ipo, na opareta hajaenda kunywa pombe.

Mimi hili nililichukua hivi: siku hizi mtu akinitumia meseji "filta ya CAT bei gani" simjibu bei. Namjibu: "Karibu. Naomba picha ya filta ya zamani, upande wenye namba, na picha ya kibati cha mtambo." Nilikuwa naogopa kwamba wateja watakimbia. Wanaokimbia wapo. Ila ni wale wale waliokuwa wakiuliza bei, wananimalizia bando, wanapotea. Anayetuma picha, mara nyingi ananunua.

Tuje kwenye bei, hapa ndipo wengi tunapoumia.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nadhani mjomba ana roho mbaya kwenye bei. Anamtajia mtu laki na kitu kwa kazi ya siku moja, wakati kijana wa mtaa wa pili anachukua elfu arobaini. Siku moja nikamwambia, mjomba, unafukuza watu. Hakunijibu. Akaniambia niletee daftari la miezi mitatu, hesabu siku tulizofanya kazi za kulipwa.

Nilihesabu. Wastani ulikuwa siku 12 kwa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa tunasubiri kifaa kutoka Dar, tunasubiri mteja alipe, tunatengeneza pikipiki, mvua, msiba, au simu haijalia tu.

Akaniambia haya. Nyumba, ada za watoto, chakula, chumba cha kuwekea vifaa, na akiba ya kununua spana zinazovunjika, tuseme vinahitaji 900,000 kwa mwezi. Yule kijana wa mtaa wa pili anagawa kwa 30, anapata 30,000 kwa siku, anaongeza kidogo, anafurahi. Mimi nagawa kwa 12, napata 75,000. Hapo bado sijaweka mafuta, posho ya msaidizi, grisi, matambara, vocha. Ukijumlisha unafika kwenye ile bei unayoiita ya roho mbaya.

Aisee, nilikaa kimya. Halafu nikaanza kuangalia duka langu la baadaye kwa macho hayo. Na wewe ukiuza mtandaoni fanya hivyo hivyo: siku zako za kulipwa ni chache kuliko siku unazoshinda kwenye simu. Ukiweka bei ya gauni kwa kuangalia bei ya kununua na faida ya elfu tatu, umelipia gauni peke yake. Nani analipa mfuko, bodaboda aliyerudi na mzigo kwa sababu mteja hapokei simu, bando, makato ya kutolea hela, na zile saa mbili ulizokuwa unapiga picha? Mimi nina kikaratasi nimebandika ukutani, kinasema kati ya watu kumi wanaoniuliza, watatu wananunua. Bei ya hao watatu inabeba muda wangu na wale saba. Kama kwako ni wawili au watano, hesabu ya kwako. Usichukue ya kwangu.

Kijana wa mtaa wa pili, kwa taarifa yenu, yuko Dar sasa anaendesha bajaji. Si kazi mbaya. Lakini boksi la spana aliliuza.

Kuhusu kukopesha nitasema kifupi maana najua mnajua. Kwenye ujenzi hela inashuka kama maji kwenye ngazi: serikali inamlipa mkandarasi mkuu, mkandarasi mkuu anamlipa mdogo, mdogo anamlipa mwenye mtambo, mwenye mtambo anamlipa fundi, fundi ananilipa mimi. Juu wakichelewa mwezi, sisi wa chini tunachelewa miezi mitatu. Kwa hiyo "nikilipwa nitakulipa" si lazima iwe uongo, ila haikusaidii. Mjomba ana taratibu mbili. Vifaa hanunui kwa hela yake kamwe, mwenye mtambo analipa moja kwa moja dukani. Na ufundi ni nusu kabla ya kufungua, nusu baada ya kujaribu mtambo mbele ya mwenyewe, kabla boksi la spana halijafungwa kwenye pikipiki.

Kuna mafundi wenye njia nyingine. Wanachomoa kifaa kidogo au waya, mtambo unazimika wakiondoka, mwenye nao akipiga simu wanasema lipa kwanza. Mjomba alikuwa anachukia hilo kuliko kitu chochote. Alisema ukifanya hivyo mara moja, kila mtambo utakaokufa mkoa huu watasema ni wewe.

Sasa vumbi. Hapa niacheni niongee, hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

Dodoma mvua zinanyesha takriban Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni ukavu mpaka mwisho wa mwaka, na upepo juu. Injini ya mtambo inavuta hewa nyingi sana, na hewa hiyo imejaa vumbi. Kinachozuia ni filta ya hewa, karatasi iliyokunjwakunjwa. Ikijaa, injini inakosa pumzi, moshi mweusi, nguvu inashuka, dizeli inaliwa. Opareta anafanya nini? Anaitoa, anaipiga kwenye tairi pa pa pa, au anaipuliza kwa kompresa yenye upepo mkali. Inaonekana safi. Ila karatasi imeshatoboka matundu ambayo jicho halioni, au ile mpira ya kuziba pembeni imepinda. Kuanzia hapo vumbi linaingia moja kwa moja ndani, linakwangua ringi na silinda. Baada ya muda mtambo unaanza kula oili, moshi wa bluu, na sasa tunaongelea kufungua injini nzima. Mamilioni. Kwa filta.

Mjomba alikuwa akifika saiti yoyote, hata kama kaitwa kwa tatizo la haidroliki, anafungua boksi la filta ya hewa, anaweka tochi inayowaka ndani ya filta, anaangalia nje. Mwanga ukipenya kwa vitundu, anamwita mwenye mtambo aone mwenyewe. Hakuwa anauza filta. Alikuwa anaonyesha tu.

Nilipofungua duka 2021, video yangu ya kwanza iliyopata watu ilikuwa hiyo hiyo. Giza, filta, tochi, vitundu. Sekunde ishirini, sauti yangu inasema "hii ilipulizwa na kompresa". Sikutaja bei. Simu zilianza jioni ile. Wenye mitambo, madereva wa malori, hata wenye matrekta wa Kibaigwa. Kwa hiyo kama una bidhaa, tafuta tochi yako ni ipi. Nguo ina mshono wa ndani, sufuria ina kitako, wigi lina nyavu. Muonyeshe mteja mahali ambapo kitu kinaharibikia, halafu nyamaza.

Na kalenda yangu inatokana na vumbi pia. Aprili mwishoni naagiza filta za hewa, maana Mei zinaanza kuulizwa. Mvua zikianza saiti nyingi zinapunguza mwendo, wenye mitambo wanatumia nafasi hiyo kufungua matengenezo makubwa, basi Novemba nakuwa na sili na oringi. Mtaji wangu mdogo hauwezi kukaa kwenye vyote mwaka mzima.

Kitu kingine nilichokuta kwa mjomba ni daftari la mitambo. Kila mtambo ukurasa wake. Tarehe, mita inasoma saa ngapi, kilichobadilishwa. Mitambo hii haihesabiwi kilomita, inahesabiwa saa za kazi. Sevisi ndogo nyingi ni kila saa 250, nyingine 500, zinapanda 1,000 na 2,000, inategemea kitabu cha mtambo wenyewe. Mtambo unaofanya kazi saa 8 kwa siku unafika 250 ndani ya siku kama 31. Yaani karibu kila mwezi yule mtu anahitaji oili na filta, atake asitake. Mjomba aliandika lakini hakuwa anapiga simu, alisema si tabia ya fundi kuombaomba kazi. Mimi sina aibu hiyo. Kila Jumatatu napitia daftari langu, natuma meseji: "Bosi, ile loda kwa hesabu yangu iko karibu na 250. Mita inasoma ngapi?" Siweki tangazo, naweka swali. Wengi wananijibu na picha ya mita.

Haya. Lile kosa.

Ilikuwa 2022, duka lina mwaka na kidogo. Fundi mmoja, si mjomba, kijana mpole sana ambaye mjomba ndiye aliyeniletea, alikuwa na kazi upande wa Manyoni. Mwenye mitambo alikuwa na ekskaveta tatu, na yule fundi ndiye aliyekuwa anazishika zote. Kwa fundi wa kujitegemea, mtu mmoja mwenye mitambo mitatu ni kama umepata mshahara. Alikuwa amemwoa mkewe mwaka ule.

Akanipigia mwenyewe mwenye mitambo, si fundi, saa mbili usiku. Network mbaya. "Nataka seti ya sili, silinda ya mbele inavuja, gari inaondoka alfajiri, fundi ameshaanza kufungua." Akataja mtambo. Nilikuwa nimechoka, na ile sauti ya haraka ilinipanda kichwani. Silinda ya mbele. Nikachukulia bumu. Sikuuliza picha, sikumpigia fundi, hela ikaingia kwenye simu nikafurahi, nikafunga mzigo, nikaupeleka stendi.

Opareta wengi wakisema mbele wanamaanisha mbele kabisa, kule kwenye baketi. Kwenye mtambo ule fimbo ya silinda ya bumu ni milimita 85, ya baketi ni 80. Tofauti ni milimita 5. Ukiishika mkononi huoni kitu.

Fundi alipokea mzigo mchana, silinda iko chini imefunguka, jua linawaka, mwenye mitambo amesimama juu ya kichwa chake. Akajaribu kuvisha, sili inacheza. Akajua palepale. Akanipigia, akasema kwa upole, "Dada, hii si yake." Niliyokuwa nayo dukani ya 80 ilikuwa ya mtambo mwingine. Iliyo sahihi ilibidi itoke Dar, ikafika siku ya tatu. Ekskaveta ilikaa imelala siku mbili nzima, na malori ya kubeba udongo yakikaa pembeni nayo yanahesabiwa.

Mwenye mitambo alimfukuza fundi. Alisema fundi gani anafungua mtambo bila kuwa na kifaa mkononi. Hakumlipa hata nusu ya pili.

Nilimpigia yule bwana nikamwambia kosa ni langu, fundi hakuagiza, mimi ndiye niliyetuma bila kuuliza. Akasema, "Nimekusikia dada yangu," akakata. Nilirudisha hela ya sili, nikalipa usafiri wa mzigo wa pili, nikamtumia fundi hela za siku zake mbili. Jumla ilikula karibu faida yangu ya mwezi na nusu. Mitambo mitatu haikurudi kwa fundi. Mwenyewe hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinisumbua zaidi.

Nilikwenda kwa mjomba kulia. Alikuwa anakula. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Ulimuuliza fundi?" Nikasema hapana. Akaendelea kula.

Tangu siku ile nina utaratibu na siuvunji hata kwa rais. Oda ikitoka kwa mwenye mtambo, naongea na fundi kabla ya kupokea hela. Ikitoka kwa fundi, namwambia amjulishe mwenye mtambo. Neno "mbele", "nyuma", "kubwa", "ndogo" silikubali, nataka picha yenye kidole kinaonyesha. Kipimo nakiandika kwenye meseji kwa milimita, mteja anajibu "ndiyo" kwa maandishi, sauti haitoshi. Mzigo unapigwa picha ukiwa juu ya meza pamoja na vernia inayosoma kipimo, kabla haujafungwa. Wauzaji wa viatu, hii ndiyo habari yenu ya "namba 40". Arobaini ya nani? Mwambie apime unyayo kwa sentimita.

Na nikauliza kitu cha ziada ambacho nilikuwa nakijua tangu nikiwa naosha vifaa lakini sikukitumia. Kabla ya kubadilisha sili, mjomba anapitisha ukucha juu ya fimbo ya silinda, taratibu, mzunguko mzima. Ukucha ukikwama, fimbo ina mkwaruzo, na sili mpya itachanika ndani ya siku chache. Hapo anamwambia mwenye mtambo, usinunue sili, peleka fimbo ikashughulikiwe kwanza. Sasa mimi muuzaji wa sili nauliza: "Fimbo iko laini? Pitisha ukucha." Wapo wanaojibu ina mkwaruzo, na mauzo yanakufa palepale. Mwezi uliopita yalikufa manne. Wawili kati yao wamesharudi na fimbo zilizotengenezwa.

Kuhusu ubora wa vifaa, nilikuwa nasema "orijino" kwa kila kitu kama kila mtu. Mjomba alinikataza, akasema orijino ni ile inayotoka kwa wakala wa kampuni yenyewe, kama CAT ambayo wakala wake hapa nchini ni Mantrac. Nyingine ni za kampuni zinazotengeneza vifaa vya kufanana, na humo kuna nzuri sana na kuna takataka. Nikaacha. Sasa naandika wazi: hii ni ya wakala, hii ni ya kufanana nimeiuza mwaka na nusu sijarudishiwa, hii ni ya bei ya chini siijui vizuri, uamuzi ni wako. Unashangaa, wengi wanachukua ya katikati.

Jambo moja la usalama, kwa wenye ndugu kwenye kazi hii. Mpira wa haidroliki ukivuja kwa tundu dogo, usitafute uvujaji kwa mkono. Presha mle ndani inazidi ba 300 kwenye ekskaveta nyingi, ile oili inatoboa ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, hakiumi sana mwanzoni, mtu anapuuza, na anaweza kupoteza mkono. Mjomba anatumia kipande cha boksi. Ikitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo, mwambie daktari ni oili iliyoingia kwa presha. Kila mpira ninaouza natia kipande cha boksi nimeandika kwa maka "TAFUTIA NA HIKI".

Mjomba sasa hivi ana miaka hamsini na kitu na mitambo mipya inamsumbua. Ina kompyuta ndani, ikigoma inatoa namba kwenye kioo, na kuisoma vizuri unahitaji kifaa na programu za kampuni. Si huku tu. Marekani wakulima wamegombana miaka na kampuni za matrekta kuhusu hilo hilo, mpaka jimbo la Colorado likapitisha sheria 2023, ikaanza kutumika Januari 2024, kwamba mkulima na fundi wake wapewe vifaa na maelezo ya kutengeneza. Huku kwetu mjomba amefanya anavyojua: amemtafuta kijana mwenye kompyuta ya kupimia, wanakwenda pamoja, wanagawana. Mzee ana masikio, kijana ana kioo. Nilimshawishi pia aende VETA, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti mafundi waliojifunzia kazini. Alibisha miezi sita kwamba cheti hakifungui nati. Akaenda. Sasa kiko ukutani sebuleni, juu ya televisheni, na mgeni akiingia anakaa upande wa kukiona.

Yule fundi wa Manyoni bado ananunua kwangu. Amepata mteja mwingine, mitambo miwili. Akija dukani, anasalimia, anauliza mtoto hajambo, ananunua soda kwa jirani. Halafu anaitoa sili kwenye mfuko, anachomoa vernia yake kwenye mfuko wa suruali, anapima mbele yangu. Mimi nashika daftari, anasoma namba, naandika.